Mkono wa Kuume wa Jenerosa

Juzi mwanangu wa mwisho alinijia na simu nikiwa nachagua mchele, akaniambia, "Mama, hebu waone hawa." Vijana wawili, sijui wa nchi gani, walikuwa wamebanana kwenye benchi wakipiga gitaa moja. Mmoja alikuwa anabonyeza nyuzi shingoni, mwenzake anazicharaza tumboni, wote wawili meno nje. Wanangu walicheka, wakairudia video ile mara tatu. Mimi niliinuka nikaenda jikoni kujifanya natafuta ungo, na ungo nilikuwa nao mkononi.

Sikuwaambia kitu. Nawaandikia ninyi wa rika langu, mliokuwa watoto upande wa Biharamulo na Ngara miaka ile ya wakimbizi, mnaoijua harufu ya mafuta ya makopo ya msaada na mnaokumbuka maturubai yakiuzwa gulioni, na yale mahindi ya njano ambayo mama zetu waliyatukana huku wakiyapika. Ninyi mtanielewa bila maelezo marefu. Na mkinihukumu baada ya kunielewa, sitalalamika, kwa sababu mimi mwenyewe nimeshajihukumu na adhabu sijaimaliza.

Nilikulia katika kitongoji kimoja, mwendo wa nusu siku kwa miguu kutoka Nemba. Baba yangu alikuwa katekista wa kigango chetu. Padre alikuja mara moja kwa miezi miwili au mitatu, na siku zote zilizobaki baba ndiye alikuwa kila kitu: anaongoza ibada, anazika, anafundisha watoto katekisimu, anaongoza kwaya. Alikuwa pia na shamba kubwa la migomba na mihogo, na shamba kubwa linataka watu. Ndipo walipokuja Salvatori na binti yake Jenerosa, Warundi, wametoroka kambini upande wa Ngara kutafuta kibarua. Baba aliwapa kibanda nyuma ya zizi la mbuzi. Walilima, wakala. Kukaa nje ya kambi kulikuwa kumekatazwa na kila mtu alijua, lakini karibu kila mwenye shamba alikuwa na Mrundi wake. Ndivyo tulivyosema, "Mrundi wetu," vilevile kama tulivyosema mbuzi wetu, na hakuna aliyeona aibu.

Mama yake Jenerosa hakuwepo na hatukuuliza. Salvatori mwenyewe alikuwa mwembamba, mpole wa maneno, na mkono wake wa kushoto ulikuwa umeharibika. Vidole vitatu havikukunjika kabisa, na kovu lilikuwa limekivuta kiganja chote upande mmoja. Sisi watoto tulikaa kikao tukaamua kwamba alikamatwa na mamba wakati wa kuvuka mto Kagera. Tukampa jina la Mamba, tukaliita akiwa mbali. Haikumpitia hata mmoja wetu akilini kwamba mtu anaweza kumfanyia hivyo mtu mwenzake. Tulikuwa na bahati kiasi hicho.

Alipokaa kama mwezi hivi, Salvatori aliokota kopo kubwa la mafuta ya msaada, akalitoboa tundu mbele, akachonga ubao wa shingo, akafumua waya wa breki ya baiskeli uzi mmoja mmoja. Baba alimtazama kwa siku kadhaa akicheka. Siku gitaa lilipokamilika Salvatori hakumwita binti yake. Aliniita mimi, binti wa mwenye shamba, akanikalisha ubavuni kwake upande wa kushoto, akavipanga vidole vyangu juu ya nyuzi kimoja baada ya kingine, akasema, "Bonyeza, usiachie." Halafu akapiga kwa mkono wake wa kuume uliokuwa mzima. Kopo likaimba. Baba akaacha kucheka, na Jumapili ileile tukapiga kanisani, mimi nikishika na Salvatori akicharaza.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo ujinga wangu ulipokaa. Mimi niliamini kwamba gitaa ni chombo cha watu wawili. Sikuwahi kuliona jingine. Redioni magitaa yalilia kila siku, lakini redio haionyeshi mikono. Niliwajua wapasua mbao wa kwetu, mmoja juu ya gogo na mwenzake shimoni, msumeno mmoja, na hakuna aliyewahi kushangaa mbona mmoja hapasui peke yake. Nikaona gitaa nalo ni hivyohivyo. Kuna mtu wa kushoto na kuna mtu wa kuume, na mimi Mungu alinipa kushoto.

Alinifundisha karibu mwaka mzima, alasiri baada ya alasiri, chini ya ukuta wa kigango. Hakujua kusoma muziki wala mimi sikujua, kwa hiyo kila mkao wa vidole aliupa jina. Mmoja uliitwa nyumba, mwingine mlango, wa tatu njia, na ule mgumu wa kubana nyuzi zote kwa kidole kimoja uliitwa mto. Alikuwa anapiga huku anaita, "Nyumba! Mulango! Rudi nyumba! Njia, njia, sasa muto!" Mimi vidole vinakimbia. Nikichelewa alisimamisha wimbo, akaokota kijiti cha mwanzi, akanichapa juu ya kucha. Nikilia alingoja nimalize, kisha tukaanza upya. Nyaya za breki zilinikata mpaka ncha za vidole zikatoa damu, zikatoa maji, mwisho zikaota sugu. Kila tulipoanza alinishika vidole akazikagua sugu zile kwa kidole gumba chake, akitikisa kichwa kuridhika. Baba alipita akaona kucha zangu zimevimba, akasema, "Mchape tu, Mwalimu. Ndivyo watoto wanavyojifunza."

Nilimchukia na nilimpenda. Alikuwa mwalimu wa kweli, hilo nalisema leo baada ya kukutana na walimu wengi wa uongo. Aliniambia, "Sikiliza mbele ya kugusa. Wewe uko na haraka. Wimbo hauna haraka." Mpaka leo nikikaa kupiga nasikia maneno hayo kabla sijaugusa uzi.

Jenerosa yeye hakuruhusiwa hata kusogea. Akitokea tu upande ule, baba yake alimtuma maji. Akirudi na maji alimtuma kuni. Umri wetu ulikuwa mmoja, kama miaka kumi na moja hivi, tulilala mikeka ya aina moja na kuchezea vumbi moja, lakini mimi nilikuwa na baba mwenye shamba na sasa nilikuwa na gitaa. Nikafikiri Salvatori amemwona binti yake hana akili. Nikamwambia hivyo usoni. "Hata baba yako mwenyewe anajua wewe ni mjinga. Ungekuwa na akili angekufundisha." Jenerosa alinitazama, akajitwisha ndoo yake, akaenda. Nilirudia maneno hayo siku nyingi. Yalikuwa matamu mdomoni.

Siku moja mwenyekiti wa kitongoji alikuja nyumbani na karatasi. Alikuwa rafiki wa baba na alikuwa mwimba besi wa kwaya yetu, mtu mwenye sauti kubwa aliyependa kusikika. Mimi nilitoa stuli, nikamwamkia shikamoo, nikabaki karibu.

"Katekista, agizo limekuja," alisema. "Wakimbizi wote warudishwe kambini, na kutoka kambini wanavushwa kwao. Atakayemficha mtu, ni yeye na ofisi."

"Na wangu?"

"Na wako pia. Nifanyeje?"

Baba akacheka kidogo. "Bwana Mwenyekiti, ukimwondoa yule, Jumapili utaimba na nini? Turudi kwenye ngoma na kopo la kokoto kama vigango vingine? Na Askofu anakuja kutoa kipaimara."

Mwenyekiti akakunja karatasi taratibu. "Basi yeye na mtoto wake tu. Wengine wote waende. Nikiulizwa, ni mtu wa kwaya."

Salvatori alikuwa hatua chache kutoka pale, amechuchumaa anamenya mihogo. Hakuinua kichwa, lakini kisu kilisimama, kikakaa, kisha kikaendelea. Wiki ile Warundi wa majirani wote walichukuliwa, na wetu wakabaki.

Tangu siku hiyo alizidi ukali kwa jambo moja. Siku moja tukiwa tumepumzika, nikanyoosha mkono wangu wa kuume nikagusa nyuzi pale tumboni kwa gitaa, kucheza tu. Alinichapa kwa nguvu ambayo hakuwahi kuitumia, mgongoni mwa mkono, mara tatu. "Huu mukono si wako," alisema. "Huu hapana. Umesikia?" Mimi nikajiambia, mzee huyu ni mchoyo.

Kazi yangu ya kila Jumamosi ilikuwa kufagia kanisa. Ufunguo nilikuwa nao mimi, na gitaa lilitundikwa ukutani nyuma ya altare. Jumamosi moja nilimchukua Jenerosa anisaidie, maana yake afagie yeye na mimi nikae. Nikalitungua gitaa nikaanza kumringishia, nyumba, mlango, nyumba, vidole vikitembea bila sauti. Nikarudia wimbo wangu kwamba yeye ni mjinga, baba yake amemkatia tamaa. Aliuegemeza ufagio ukutani. Akaja, akalichukua gitaa mikononi mwangu, akakaa kwenye ngazi ya altare, akapiga.

Akapiga peke yake. Mkono wake wa kushoto ulifanya kazi yangu na mkono wake wa kuume ulifanya kazi ya baba yake, na wimbo ulitoka mzima, mwepesi, mzuri kuliko tulivyowahi kuutoa sisi wawili. Mimi nilitazama nyuma yake kama kuna mtu. Nakumbuka hilo kwa aibu, niligeuza kichwa kabisa kumtafuta mtu wa pili.

"Nani amekufundisha?"

"Baba. Kule kwetu, kabla ya mukono wake kuharibika."

"Kwa hiyo mtu mmoja anaweza?"

"Kila mutu anapiga peke yake," alisema. "Ni wewe tu."

Hasira niliyopata siku ile sijawahi kuipata tena maishani. Mwaka mzima nimechapwa kucha kwa nusu ya kitu! Nikamwambia anifundishe mkono wa kuume, la sivyo nitamwambia baba kwamba amelishika gitaa la kanisa. Alijua baba yangu angemchapa, na alijua baba yake angemchapa baada ya hapo. Akakataa. Nikaenda mpaka mlangoni nikaanza kuita, "Baba!" Akanikimbilia akanishika gauni.

"Nitakufundisha. Lakini uape. Usipige mbele ya watu. Baba anasema siku utakayojua mikono yote miwili, sisi tutarudishwa."

Nikaapa, kiganja juu ya msalaba wa altare. Na neno lile nililisikia vizuri, sitasema sikulisikia. Ila nilidhani kurudi kwao ni jambo jema. Nusu ya nyimbo tulizoimba kanisani zilikuwa za kurudi nyumbani, na watu walizililia. Nani hataki kurudi kwao? Kulikuwa na kitu usoni mwake ambacho kingeniambia vingine kama ningeuliza, na sikuuliza, kwa sababu niliutaka ule mkono.

Jenerosa alikuwa mwalimu bora kuliko baba yake. Hakunichapa. Alikaa nyuma yangu, akanigongea mdundo mgongoni kwa vidole vinne, kidole gumba chake kikipiga kwenye uti wa mgongo pale ambapo gumba langu lilitakiwa kupiga uzi mnene. Nilipigiwa mgongoni Jumamosi nyingi mpaka mwili ukashika wenyewe. Nilipopotea aligonga polepole zaidi. Nilipopatia alicheka, na kilikuwa kicheko cha mtu aliyesahau kwamba analazimishwa. Nilianza kungojea Jumamosi ifike. Sikumwita mjinga tena, ingawa sikumwomba msamaha.

Wiki ya kipaimara, Salvatori akashikwa na malaria. Jumatano alasiri kwaya ilikutana kwa mazoezi, naye alikuwa amelala kibandani anatetemeka chini ya gunia. Baba alizunguka kanisani amejishika kiuno. "Askofu Jumapili," alisema. "Askofu Jumapili, na gitaa limelala." Mwenyekiti alikuwa anajifuta jasho kwa kofia yake. Nami nilikuwa nimekaa kwenye ngazi ileile ya altare, gitaa mapajani, na mikono yote miwili ninayo.

Mngefanyaje? Msinijibu. Mimi nilisema, "Baba, mimi naweza."

Nikapiga wimbo wa kuingia, mwanzo mpaka mwisho. Nilipomaliza akina mama walipiga vigelegele, na baba alinitazama kwa macho ambayo nilikuwa nimeyatafuta tangu nizaliwe. Kichwa kilinivimba. Mwenyekiti alicheka kwa sauti yake ya besi.

"Katekista, kumbe unaye wa kwako nyumbani!"

"Hata mimi sikujua," baba akasema.

"Basi yule mzee si lazima tena."

Baba alitazama sakafu, akasema, "Kweli. Si lazima." Nilifikiri wanamwonea huruma mgonjwa, wanampumzisha. Mlangoni alikuwa amesimama Jenerosa na ndoo ya maji ya waimbaji. Aliiweka chini pole pole bila kuimwaga, akaondoka.

Mgambo walikuja Ijumaa asubuhi, watatu, na mwenyekiti mbele yao. Salvatori alitolewa kibandani bado ana homa, hajanyooka. Mama yangu aliwafungia mihogo ya kuchemsha kwenye jani la mgomba, akaingia ndani, hakutoka tena. Baba alisema, "Serikali ndiyo imesema, Salvatori. Mimi ningefanya nini?" Salvatori aliomba apewe gitaa lake. Baba akasema gitaa ni la kigango.

Ndipo Salvatori aliponijia. Alisimama mbele yangu, macho yamekuwa mekundu kwa homa, akaushika mkono wangu wa kuume. Akavigusa vidole kwa gumba lake, kimoja kimoja, kama alivyokuwa akikagua vile vya kushoto. Akakuta sugu.

"Nani alikufundisha huu?"

Jenerosa alikuwa pembeni yake amekumbatia kile kifurushi cha mihogo. Alinitazama. Ningeweza kusema nilijifunza mwenyewe kwa kumwangalia mzee anavyopiga, na ingeaminika. Lakini mkono wangu ulikuwa mkononi mwake, nami nilikumbuka mwanzi, nikaogopa.

"Jenerosa," nikasema.

Salvatori alimgeukia binti yake akampiga kofi. Sikuwahi kumwona akimpiga hata siku moja. Mihogo ikamwagika, na Jenerosa akapiga magoti kuiokota, hakulia, akaipangusa udongo mmoja mmoja na kuirudisha kwenye jani. Mgambo mmoja akacheka akasema, "Twendeni, mtamalizia huko kwenu." Wakaenda wakipandisha njia ya barabarani, Salvatori katikati ya mgambo na binti yake nyuma. Kwao wakati ule watu walikuwa bado wanauana. Sikujua, lakini watu wazima wote waliosimama pale uani walijua. Sijapata habari zao tena, na nilipokuwa mtu mzima nilitafuta.

Jumapili Askofu alikuja. Kanisa lilijaa mpaka nje, na nilipiga bila kukosea hata mara moja. Baada ya misa alisimama mbele yangu na fimbo yake, akainama kulitazama lile kopo lenye nyaya za breki, akatabasamu. Akauliza, "Binti, nani amekufundisha kupiga vizuri hivi?"

Baba alikuwa amesimama nyuma yangu, mkono wake begani kwangu. Haukunibana wala kunisukuma. Uliwekwa tu.

Nikapiga goti, nikabusu pete, nikasema, "Nimejifunza mwenyewe, Baba Askofu." Na watu wote wakapiga makofi.